Tairi Iliyomzidi Abiria Umri

Septemba 2012, basi lililojaa vijana lilikuwa linatoka kwenye tamasha la muziki la Bestival, katika kisiwa cha Isle of Wight huko Uingereza, likielekea upande wa Liverpool. Usiku, karibu na Hindhead katika kaunti ya Surrey, tairi moja ya mbele ikapasuka. Dereva hakuweza kulishika basi tena. Likatoka barabarani. Watu watatu wakafa: dereva mwenyewe na abiria wawili. Mmoja wa abiria hao aliitwa Michael Molloy. Alikuwa na miaka 18.

Wachunguzi walipoisoma ile tairi, wakakuta ina miaka 19 na nusu.

Soma hiyo tena polepole. Tairi ilitoka kiwandani kabla kijana hajazaliwa. Alikua, akajifunza kutembea, akaenda shule, akamaliza, akanunua tiketi ya tamasha, na muda wote huo tairi ilikuwa mahali fulani inamsubiri.

Kibaya zaidi, kwa upande wa umri wa tairi hakuna sheria iliyovunjwa, kwa sababu sheria kama hiyo haikuwepo. Sheria iliuliza swali moja kubwa: meno ya tairi yana kina gani? Meno yalikuwepo. Kwa macho, tairi ilikuwa fiti. Ungeikuta imepangwa nje ya duka pale Kirinyaga Road, ungeulizia bei.

Nimekuwa nikiifikiria tairi hiyo kwa sababu ya karavani. Sio zile za zamani. Misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilitembea kwa miguu, na mguu ukichoka unasema. Naongea kuhusu karavani ya siku hizi, ile nyumba ndogo yenye magurudumu inayovutwa na gari, kitanda ndani, jiko ndani, nyinyi na mizigo yenu mnaenda kuona Ziwa Turkana. Kuna wasee ninaowajua wanachanga pesa wanunue moja. Wanabishana kuhusu friji, kuhusu sola, kuhusu rangi ya mapazia. Tairi hakuna anayezitaja. Mtu akiuliza, anajibiwa: “Taya ziko poa, hata hazijaisha.”

Hazijaisha. Neno hilo ndilo lililowaua watu watatu Hindhead. Na ukitaka kujua kwa nini ni neno la hatari, inabidi turudi nyuma kidogo, mpaka kwa mtu aliyepika mpira kwenye jiko la nyumbani.

*

Mwaka 1839, Mmarekani mmoja aitwaye Charles Goodyear alikuwa amefilisika kwa sababu ya mpira. Mpira mbichi ulikuwa kero. Wakati wa joto unayeyuka na kunuka, wakati wa baridi unakauka na kupasuka kama biskuti. Goodyear aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa kisha ukaupasha moto, unabadilika. Unakuwa imara, unavutika na kurudi, haujali sana baridi wala jua. Alipata hataza yake Marekani mwaka 1844, akatumia miaka iliyobaki kwenye kesi na madeni, akafa mwaka 1860 bado anadaiwa. Kampuni inayobeba jina lake ilianzishwa mwaka 1898. Yeye wala familia yake hawakuwa na hisa ndani yake. Walichukua jina tu.

Alichofanya Goodyear ni kuzifunga nyuzi ndogo ndogo za mpira pamoja kwa salfa, kama mtu anayeshona wavu. Lakini ule mshono hautulii milele. Hewa ya oksijeni inaingia polepole, joto linaendelea kuupika mpira hata ukiwa kwenye rafu, na gesi ya ozoni inauchanachana kwa nje. Mpira unapoteza ulaini, unakuwa mgumu, na mshikamano kati ya matabaka ya tairi unalegea. Hii haihitaji tairi izunguke hata mara moja. Inahitaji muda tu.

Ndiyo maana karavani ni mtego. Gari la kazi linamaliza meno ya tairi kabla ya tairi kuzeeka, kwa hiyo macho yako yanatosha kukuonya. Karavani inasimama. Inalala uani miezi kumi, imeelemea sehemu ileile ya tairi, jua la saa nane linaipiga upande mmoja, halafu Desemba inaamshwa na kuambiwa ikimbie kilomita 700. Meno bado marefu. Mpira ulishakufa.

*

Karavani za kwanza za starehe hazikuwa na tatizo hili. Mwaka 1885, daktari Mskoti aliyestaafu kutoka jeshi la majini, William Gordon Stables, alijitengenezea gari la farasi la kifahari lililoitwa The Wanderer. Lilikuwa na uzito wa karibu tani mbili, likivutwa na farasi wawili, na akazunguka nalo Uingereza hadi Scotland. Magurudumu yake yalikuwa ya mbao yaliyofungwa utepe wa chuma. Yalitikisa mifupa na vikombe, lakini chuma hakina upepo wa kupoteza.

Upepo ulikuwa tayari umeshabuniwa, ila watu waliusahau. Robert William Thomson, Mskoti mwingine, alipata hataza ya gurudumu la hewa mwaka 1845 akiwa na miaka 23. Aliliweka kwenye magari ya farasi na kulijaribu katika bustani ya Regent’s Park, London. Wazo likafa kwa kukosa soko. Mwaka 1888, daktari wa mifugo huko Belfast, John Boyd Dunlop, akaligundua upya alipokuwa anajaribu kumpunguzia mwanawe mitikisiko ya baiskeli ya magurudumu matatu. Miaka miwili baadaye akaambiwa hataza yake ni batili, kwa sababu Thomson alishatangulia. Lakini safari hii soko lilikuwepo: dunia ilikuwa imepagawa na baiskeli.

Mwaka 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, wakaweka tairi za upepo kwenye gari la injini na kuingia mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi. Walipata pancha mara kwa mara na kumaliza nje ya muda uliowekwa. Watu waliwacheka. Baada ya miaka michache, hakuna aliyekuwa anacheka.

Kutoka kwa hawa wote tunapata jambo la pili ambalo wanunuzi wengi wa karavani hawalijui: mpira haubebi mzigo, upepo ndio unaobeba. Mpira kazi yake ni kuufungia upepo ndani. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, mara mamia kwa kila kilomita, na kule kujikunja kunazaa joto. Joto linatenganisha matabaka. Kutoka nje huoni kitu, mpaka tairi inafunguka kama kitabu kilichochakaa.

Na kabla hatujaendelea, kuna deni ambalo haliwezi kurukwa. Mpira wa zile baiskeli na magari ya kwanza ulitoka wapi? Sehemu ya mpira wa mwituni ilitoka kwenye misitu ya Kongo, wakati nchi nzima ilikuwa mali binafsi ya Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao warudi kutoka msituni na vikapu vimejaa. Askari walitakiwa kuonyesha mikono iliyokatwa kama ushahidi kwamba hawakupoteza risasi. Mwaka 1904, mmishenari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba aitwaye Nsala, ameketi barazani anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hiyo, pamoja na ripoti ya Roger Casement ya mwaka huohuo, ilisaidia kuivunja himaya ya Leopold.

Ninaitaja Kongo kwa sababu historia ya tairi husimuliwa kama hadithi ya wavumbuzi werevu na baiskeli za watoto wao. Kulikuwa na mtoto mwingine ndani ya hadithi hiyo.

*

Sasa tuje kwa spea.

Magari ya mwanzo hayakuwa na gurudumu la akiba. Pancha ikitokea, dereva alishuka, akaikwangua tairi kutoka kwenye rimu, akaziba, akajaza upepo kwa pampu ya mkono, mvua ikinyesha au isinyeshe. Mwaka 1904, ndugu wawili wa Wales, Walter na Tom Davies, wakaanza kuuza gurudumu la dharura lililofungwa juu ya lile lililopata pancha. Duka lao lilikuwa barabara ya Stepney mjini Llanelli, kwa hiyo likaitwa Stepney. Mpaka leo ukienda India ukiomba spea, wanakuelewa haraka zaidi ukisema stepney. Brazil wanaita estepe. Mtaa mmoja mdogo wa Wales umebaki kwenye midomo ya watu ambao hawajui Wales iko wapi.

Baadaye magari yakaanza kuuzwa na gurudumu kamili la tano, na hapo spea ikageuka kuwa haki. Siku hizi haki hiyo inarudishwa kimyakimya. Magari mengi mapya yanakuja na chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme badala ya gurudumu. Karavani nyingi nazo zinauzwa hivyo ili kupunguza uzito. Gundi inaweza kuziba tundu la msumari katikati ya tairi. Ubavu ukichanika, gundi haina la kusema. Na tairi ya karavani iliyokwisha pasuka kwa kawaida ni matambara.

Fikiria hili ukiwa na picha moja kichwani. Mwaka 1959, Wally Byam, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 za alumini kutoka Cape Town hadi Cairo. Walipitia Afrika Mashariki na Ethiopia, wakaingia Misri mwaka 1960, na kuna picha maarufu ya yale madude ya fedha yamepangwa jangwani mbele ya piramidi za Giza. Picha inapendeza, lakini sehemu kubwa ya njia ile haikuwa na lami. Kati ya duka moja la spea na jingine zilikuwa siku za safari, sio masaa. Msafara wa namna ile haufiki kwa urembo wa alumini. Unafika kwa sababu ya vitu vyenye vumbi ambavyo havikupigwa picha: magurudumu ya akiba, jeki, beringi, grisi, na mtu anayejua kuvitumia.

Tarmac ya Isiolo hadi Moyale imebadilisha mengi tangu enzi hizo. Lakini mtu aliyekwama katikati ya Marsabit na Moyale na spea isiyo na upepo bado yuko mwaka 1959.

*

Tairi zenyewe ziliendelea kuwa bora. Mwanzoni zilikuwa nyeupe au kijivu, rangi ya mpira wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vikaanza kuchanganya masizi ya kaboni, na tairi zikawa nyeusi. Sio mtindo: masizi yanaipa tairi nguvu ya kudumu na kuikinga na mwanga wa jua. Mwaka 1946 Michelin wakapata hataza ya redio, ile tairi ambayo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu na kufungwa mkanda wa chuma juu. Mwaka uliofuata, kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ikatangaza tairi isiyo na tyubu. Kufikia miaka ya 1970 wahandisi walikuwa na kila sababu ya kujivunia.

Halafu ikaja Agosti 2000. Firestone iliita zirudishwe tairi milioni 6.5, nyingi zikiwa kwenye gari la Ford Explorer. Mikanda ya nje ilikuwa inabanduka gari likiwa mwendo kasi, na Explorer, lenye kimo kirefu, linabingirika. Serikali ya Marekani ilihusisha vifo zaidi ya 250 na tairi hizo. Kampuni mbili zilizokuwa zimefanya biashara pamoja kwa karibu miaka 100 zikaanza kunyosheana vidole. Ford ilikuwa imependekeza presha 26. Firestone ilisema hiyo ni ndogo, ingekuwa 30. Ford ikasema tairi zenyewe ndizo mbovu. Wakati wakubwa wanabishana, ramani ilikuwa inasema jambo moja wazi: ajali nyingi zilitokea kwenye majimbo ya joto kama Arizona, Texas, California na Florida. Joto, mzigo, upepo mdogo, mwendo. Wauaji walewale wanne.

Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya mwaka huohuo, na kutokana nayo magari mapya ya huko yakaja kulazimishwa kuwa na kifaa cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Ile taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi yako, ambayo umeizoea na kuipuuza, imewekwa pale na maiti.

Mwaka 2000 pia ndio ulioleta tarakimu nne. Kabla ya hapo tarehe ya kutengenezwa iliandikwa kwa tarakimu tatu, na huwezi kujua ni ya muongo gani. Tangu 2000, tafuta ubavuni herufi DOT, fuata mstari mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3215 ni wiki ya 32 ya mwaka 2015. Usipoziona upande wa nje, ziko upande wa ndani, inabidi ulale chini. Lala.

Kama unadhani umri ni tatizo la mabasi ya wazungu tu, mkumbuke Paul Walker. Novemba 2013, Porsche aliyokuwemo ilipogonga, wachunguzi walisema sababu kuu ni mwendo kasi. Lakini walitaja pia kwamba tairi zilikuwa na miaka tisa. Gari la mamilioni, limetembea kidogo, tairi zinang’aa. Lilikuwa na ugonjwa uleule wa karavani.

*

Nyumbani je?

Kenya iliwahi kutengeneza tairi zake. Firestone East Africa ilianzishwa mwaka 1969, ikaja kuitwa Sameer Africa, na tairi zake za Yana zilikuwa zimevaliwa na matatu na malori kila kona ya nchi. Mwaka 2016 kiwanda cha Nairobi kilifungwa. Tangu hapo tunategemea zaidi meli, na tairi inayokuja kwa meli ina historia ambayo hukuiona. Sheria yetu hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 liingie nchini. Sawa. Lakini kama gari la miaka saba limekuja na tairi zake za kiwandani, basi tairi hizo nazo zina miaka saba siku unayokabidhiwa funguo. Muuzaji atakuambia limetembea kilomita chache tu. Ni kweli, na kwa tairi hiyo si sifa.

Hatukosi hekima ya tairi, lakini. Tairi ikizeeka Kenya, haitupwi. Inakatwa akala, na akala inamtembeza mchungaji miaka mingi kuliko ilivyolitembeza lori. Inafungwa kwenye mkokoteni, ikabebe viazi Marikiti. Inakuwa bembea, inakuwa kitalu cha sukuma wiki. Ninaheshimu sana maisha haya ya pili, kwa sababu yanaelewa kitu: tairi mzee bado inaweza kufanya kazi, mradi mwendo uwe wa binadamu. Mkokoteni haukimbii 80. Ikipasuka, jamaa anatukana kidogo, anaita wenzake, wanasukuma.

Karavani inakimbia 80, na wewe uko mbele yake huisikii. Tairi ya gari lako ikianza kulegea, usukani unakuambia. Ya karavani inalegea nyuma ya mgongo wako, nyuma ya muziki, na mara nyingi habari unaipata kwenye kioo: moshi, au karavani inayumba kama mkia.

*

Kwa hivyo ukienda kununua, historia yote hii inakuwa maswali machache. Mimi si injinia, na chuo niliacha kabla hakijanipa cheti cha kitu chochote, lakini maswali haya hayahitaji cheti.

Kwanza, uzito. Tafuta bamba la karavani linaloonyesha uzito wa juu kabisa ikiwa imejaa, sio ikiwa tupu dukani. Tuseme ni kilo 1,300 kwenye ekseli moja. Tairi ni mbili, kwa hiyo kila moja inabeba 650. Sasa soma namba inayofuata saizi, ubavuni. 91 maana yake ni kilo 615: hiyo hapana, hata kama fundi anaapa. 93 ni kilo 650 kamili: hapo uko ukingoni, na mizigo haikai sawasawa pande zote. 97 ni kilo 730, na hapo mmebakiwa na nafasi ya kupumua. Tangi la maji, gesi, kreti za soda na viti vya kukunja ni uzito, na watu hawavihesabu.

Pili, herufi inayofuata namba hiyo ni mwendo. L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160. Hata ndogo kati ya hizo inatosha karavani. Kinachoua hapa mara nyingi ni uzito, sio herufi.

Tatu, umri. Ushauri unaotolewa sana kwa wenye karavani Uingereza ni kubadilisha tairi baada ya miaka mitano na kutozitumia kamwe zikivuka saba, meno yawe yamebaki au la. Na hiyo ni Uingereza, jua la kubahatisha. Hapa kwetu sioni sababu ya kuongeza hata mwaka mmoja. Ukiona nyufa nyembamba ubavuni, kama ngozi ya kisigino kilichokosa mafuta, hesabu imeshafungwa.

Nne, upepo. Fuata presha iliyoandikwa kwenye bamba au kitabu cha karavani, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko ya gari lako, na pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Zikipata moto njiani presha itapanda, na hiyo ni kawaida. Usiitoe. Ukiitoa, zikipoa zitakuwa na upepo mdogo, na tumeona upepo mdogo ulifanya nini Texas. Tairi mpya ikifungwa, valvu nayo iwe mpya. Na kile kifaa cha kuonya upepo kinapatikana pia kwa trela: vifuniko vidogo kwenye valvu, skrini ndogo mbele yako.

Tano, tairi mbili za ekseli moja ziwe pacha: saizi moja, aina moja, uwezo mmoja, umri unaokaribiana.

Na spea? Spea ni tairi ya tatu, sio pambo. Iwe saizi ileile na uwezo uleule. Mara nyingi inaning’inia chini ya sakafu ambako haionwi na mtu, na kwa hiyo ndiyo inayozeeka bila shahidi. Soma tarakimu zake pia. Ijazwe upepo kabla ya safari. Halafu fanya zoezi moja ukiwa bado nyumbani: ibadilishe. Hapo ndipo utagundua kwamba jeki ya gari lako haifiki au haiwezi kuinyanyua karavani, au spana yako ya magurudumu haiingii kwenye nati zake. Ugundue hilo uani, mchana, na chai iko karibu. Ukishafunga gurudumu, kaza nati tena baada ya kilomita hamsini hivi, kwa sababu gurudumu lililotoka kufungwa hujituliza na nati hulegea. Beba seti ya beringi na grisi. Beringi ikiungua, tairi nzuri zaidi duniani haitakusaidia.

Karavani ikilala, ilalie mahali penye kivuli. Funika tairi. Isukume kidogo kila mwezi ili isielemee sehemu moja, na usiache upepo ushuke.

*

Mama yake Michael, Frances Molloy, hakunyamaza. Alikaa miaka akiwafuata wabunge na mawaziri na swali lilelile: inakuwaje tairi inaruhusiwa kubeba watoto wa watu bila mtu kuuliza ilizaliwa lini? Aliambiwa mambo mengi, ikiwemo kwamba ushahidi hautoshi, uchunguzi zaidi unahitajika. Alirudi. Tarehe 1 Februari 2021, sheria ya Uingereza ikabadilika: tairi yenye zaidi ya miaka 10 ni marufuku kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya peke yake ya mabasi madogo. Ilichukua zaidi ya miaka minane.

Sheria hiyo haigusi karavani. Hata kule Uingereza, mwenye karavani anaweza kuvuta familia yake kwenye tairi za miaka 15 na hakuna kipengele cha umri kitakachomkamata, mradi meno yapo. Na hapa kwetu, askari wa barabarani akikusimamisha Gilgil atakuuliza leseni na bima. Sidhani atalala chini kusoma wiki na mwaka.

Kwa hiyo kazi hiyo ni yako. Wasee wangu wakishamaliza kubishana kuhusu mapazia, nitawapeleka nyuma ya ile karavani wanayoitamani, na tochi ya simu, tuinamishe shingo. Tarakimu nne, mara tatu, ukihesabu na spea. Muuzaji akikasirika, hilo nalo ni jibu.